Doa Lililokuwa Likifutwa

Mwaka 1863, profesa wa kemia wa hospitali ya kijeshi ya Val-de-Grâce mjini Paris, Paul-Jean Coulier, alikuwa akiwasaka waghushi wa hati. Mtu aliweza kufuta maneno ya hati na kuandika mengine juu yake, na Coulier alitaka njia ya kuonyesha pale karatasi ilipochezewa. Alitumia ayodini, ambayo ukiipasha moto kidogo hutoa mvuke wa rangi ya urujuani. Mvuke ulipopita juu ya karatasi ulifichua palipofutwa. Lakini ulifichua na jambo ambalo hakulitafuta: vidole vya watu walioishika karatasi ile, mstari kwa mstari, kwa rangi ya kahawia, kwa sababu mafuta ya ngozi yalikuwa yameunyonya mvuke. Coulier aliliandika, akatambua kwamba lingeweza kusaidia kumjua mtu, na dunia ikapita bila kugeuka nyuma. Ilichukua miaka 17 kabla daktari Mskoti aliyefanya kazi Tokyo, Henry Faulds, hajaandika barua yake katika jarida la Nature mwezi Oktoba 1880, akipendekeza kwamba alama za vidole zilizoachwa mahali pa uhalifu zitumike kumtambua mhalifu.

Kisa hicho kidogo cha Paris kinabeba historia nzima ya fani hii. Aghalabu kemia ya alama za vidole husimuliwa kama msafara wa dawa: ikaja ayodini, ikaja nitrati ya fedha, ikaja ninihidrini, ukaja mvuke wa gundi, kila moja ikiwa kali kuliko iliyotangulia. Nikizitazama tarehe zenyewe naona mambo kwa namna nyingine. Dawa hizo zilikuwapo miaka mingi kabla polisi hawajazigusa, na mara nyingi ziliionyesha alama ya kidole kwanza kwa mtu aliyekuwa akishughulika na jambo lingine, ambaye kwake alama ile ilikuwa uchafu wa kumharibia kazi. Kilichoichelewesha fani hii ni dharau kwa doa. Na dharau hiyo haijaisha. Zamani watu walilidharau umbo la alama. Siku hizi umbo linaheshimiwa, kinachofutwa ni kile kitu kilichoichora.

Kitu hicho ni nini? Ngozi ya viganja na nyayo haina tezi za mafuta. Ina tezi za jasho, tena kwa wingi mno, na vitundu vyake vimejipanga juu ya migongo ya ile mistari ya ngozi kama mashimo ya mbegu juu ya tuta. Jasho lenyewe ni maji kwa asilimia zaidi ya 98. Katika kile kidogo kinachobaki maji yakikauka mna chumvi, urea, asidi ya laktiki na asidi amino, inayoongoza kwa wingi ikiwa ile iitwayo serini. Mafuta hutoka kwingine: mtu hujipangusa paji la uso, hujikuna kichwa, hushika kidevu akiwaza, na vidole huondoka na skwalini, kolesteroli, asidi za mafuta na nta kutoka kwenye tezi za uso. Juu ya hayo hupanda vitu vya siku hiyo, mafuta ya nazi ya nywele, losheni, samli ya chapati, vumbi la kazini. Kila kimoja kina dawa yake. Ayodini hushika mafuta, nitrati ya fedha hukamatana na chumvi, ninihidrini huzitafuta asidi amino. Kwa hiyo alama moja ya kidole ni picha tatu nne zilizolaliana, na mpelelezi huipata ile aliyoiita kwa jina.

Waliojenga fani hii hawakuwa wakilitafuta jasho. William Herschel, ofisa Mwingereza huko Bengal, alipomtaka mkandarasi Rajyadhar Konai aweke chapa ya kiganja kwenye mkataba wa vifaa vya barabara mwaka 1858, nia yake ilikuwa mtu yule asije akaikana ahadi yake. Alitumia wino wa mihuri. Mwaka 1897 ilifunguliwa Kolkata ofisi ya kuhifadhi alama za vidole chini ya Edward Henry, kwa mfumo wa kuainisha ambao sehemu kubwa ya kazi yake ilifanywa na Wahindi wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose; mwaka 1901 mfumo huo ukahamia Scotland Yard, makao ya polisi wa London. Ofisi za namna hiyo zilitaka umbo peke yake: upinde, kitanzi, mzunguko, vitu vinavyohesabika na kupangika kwenye makabati. Wino mweusi uliwafaa kuliko jasho kwa sababu wino ni ule ule kwa kila mtu. Huku kwetu utaratibu huo ulikuja na uzito wake. Sheria ya Kenya ya kuandikisha wenyeji ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kuweka dole na kutembea na kipande, yaani cheti cha kuandikishwa kwake, ndani ya kikopo cha chuma, mara nyingi kimening'inizwa shingoni kwa kamba. Mwanaharakati Harry Thuku na wenzake walipopaza sauti mwaka 1921 na 1922, kipande kilikuwa miongoni mwa mambo waliyoyakataa. Nakitaja hapa kwa sababu kinaeleza macho ya fani yenyewe. Utawala ulimjua mfanyakazi kwa mistari ya vidole vyake, ukaifungia mistari hiyo makabatini, wala haukuwa na haja ya kujua lolote jingine juu ya mwili ule uliokuwa ukitokwa jasho mashambani mwa walowezi. Fani iliyolelewa na makabati hayo ilijifunza kusoma wino, na jasho ikaliona kama karaha.

Walikuwapo waliotazama kinyume. Mjini Lyon, katika miaka ya 1870, daktari wa ngozi aliyeitwa Aubert aliligandamiza jasho la wagonjwa kwenye karatasi na kulionyesha kwa nitrati ya fedha, akitafuta habari za magonjwa. Chumvi ya jasho ikikutana na nitrati hiyo huzaa kloridi ya fedha, ambayo huwa nyeusi ikipigwa na mwanga, kanuni ile ile ya picha za zamani. Mwaka 1891 René Forgeot, mwanafunzi wa udaktari katika mji huo huo, aliitumia njia hiyo kwa alama za vidole zisizoonekana, kwa ajili ya mahakama. Ungetarajia polisi wa dunia waikimbilie. Mwaka 1932, mtoto wa rubani Charles Lindbergh alipoibwa huko New Jersey, Marekani, unga ambao polisi hupaka ili kuonyesha alama haukutoa kitu cha maana kwenye mbao za ngazi aliyopandia mwizi. Alikuwa daktari wa New York, Erastus Mead Hudson, mtu wa nje ya jeshi la polisi, aliyejitolea kuipaka ngazi ile nitrati ya fedha, na alama zikatokea tele. Zaidi ya miaka 40 ilikuwa imepita tangu Forgeot.

Kisa kinachonishangaza kuliko vyote ni cha ninihidrini. Siegfried Ruhemann, mkemia Mjerumani aliyefundisha Cambridge, aliipata mwaka 1910 bila kuikusudia. Alipoichunguza aliona kwamba ikikutana na asidi amino hugeuka zambarau, na aliona vilevile kwamba huipaka rangi ngozi ya mtu. Rangi hiyo mpaka leo inaitwa kwa jina lake, ingawa yeye mwenyewe alijiuzulu mwaka 1915, chuki dhidi ya Wajerumani ilipopanda Uingereza wakati wa vita. Wanabiokemia waliipenda dawa yake mara moja. Katika miaka ya 1940 ilipata kazi kubwa zaidi: kufuatana na ugunduzi wa Archer Martin na Richard Synge, waliotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1952, mchanganyiko wa asidi amino uliachwa utambae juu ya karatasi hadi kila aina ijitenge, kisha karatasi ikanyunyiziwa ninihidrini na kila aina ikajitokeza kama doa la zambarau. Likazuka onyo la kila maabara: usiishike karatasi kwa mikono mitupu. Ukiishika, vidole vyako vitatokea kando ya madoa ya jaribio, na kazi ya siku nzima itakuwa imeharibika. Fikiria watafiti wangapi, katika nchi ngapi, waliziona alama za vidole vyao wenyewe zikichomoza wazi kwenye karatasi, wakaguna, wakaitupa karatasi na kuanza upya. Ilipofika mwaka 1954 ndipo Wasweden wawili, Svante Odén na Bengt von Hofsten, walipochapisha katika Nature makala fupi iliyosema, kwa maana, kwamba kile mnachokitupa ndicho polisi wanachokihitaji. Miaka 44 ilikuwa imepita.

Inafaa kuitazama kazi yenyewe kwa karibu. Tuchukue hundi ya kughushi. Huchovywa sekunde chache kwenye trei yenye ninihidrini iliyoyeyushwa, kisha hutundikwa ikauke. Kwa muda haionekani kitu. Ikiachwa gizani kwa siku kadhaa, au ikiwekwa katika tanuri la nyuzi 80 hivi lenye unyevu, huanza kuchomoza vidoa vya waridi, vidogo kuliko chembe ya ulezi, kila kimoja pale palipolala kitundu cha jasho. Vidoa hushikana vikawa mistari, mistari hukolea, hadi hundi inakuwa kama imeshikwa na mtoto aliyetoka kula zambarau chini ya mti. Asidi amino huzing'ang'ania nyuzi za karatasi wala hazitambai, na ndiyo sababu barua iliyokaa sandukuni miaka mingi bado inaweza kumtaja aliyeikunja. Mafuta, ambayo ayodini inayategemea, hayana subira hiyo.

Gundi inasimulia habari ile ile kwa muda mfupi zaidi. Harry Coover wa kampuni ya Kodak alikutana na sianoakrilati mwaka 1942 akaikataa kwa sababu ilinata kila mahali. Ikauzwa kama gundi mwaka 1958, na leo iko kwenye kila duka la vifaa, tunaiita supaglu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mtaalamu wa nywele na nyuzi wa polisi ya Japani, Fuseo Matsumura, alikuwa akibandika nywele kwenye vioo vya hadubini kwa gundi hiyo akaona vidole vyake mwenyewe vimejichora kwenye kioo kwa rangi nyeupe. Mvuke wa gundi ulikuwa umegandia jasho lake. Alimweleza mwenzake wa upande wa alama za vidole, Masato Soba, na ndani ya miaka michache njia hiyo ilikuwa imefika Marekani na Uingereza. Hapa doa halikungoja miaka 44, na sababu yake naiona bayana: aliyeliona alikuwa katika jengo moja na aliyelihitaji.

Msomaji makini ataniambia kwamba nawaonea watu wa zamani. Atasema alama iliyofichuliwa haina faida kama hakuna kabati la kuilinganisha nayo, na makabati yalichukua miongo kujaa. Kwamba unga wa kawaida ulitosha kwa vioo na vyuma. Kwamba hakuna aliyedharau doa, ila haja haikuwapo. Hoja hiyo ina nguvu kwa Coulier. Mwaka 1863 hapakuwa na kabati hata moja duniani la kumfaa. Kwa ninihidrini haina nguvu. Kufikia mwaka 1910 Scotland Yard ilikuwa na makabati yake tangu miaka tisa nyuma, hundi za bandia na barua za vitisho hazikuwa zimeadimika, na karatasi ndiyo mahali ambapo unga wa polisi hushindwa, kwa sababu jasho limenywewa ndani. Haja ilikuwapo, dawa ilikuwapo, na alama zilikuwa zikionekana kwa macho katika maabara. Kilichokosekana ni mtu mmoja aliyeziangalia pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Hata baada ya dawa hizo zote, kemia ilibaki mtumishi wa umbo. Asidi amino ilitafutwa ili mistari ionekane. Mistari ikishaonekana ilipigwa picha, na asidi amino haikuulizwa swali jingine. Mabadiliko yalianza kuonekana wazi mwanzoni mwa karne hii. Mwaka 2007 kundi la David Russell wa Chuo Kikuu cha East Anglia lilionyesha kwamba chembe ndogo mno zilizovikwa kingamwili zinaweza kuitambua kotinini, mabaki ya nikotini baada ya mwili kuichakata, ndani ya alama ya kidole cha mvutaji, na papo hapo kuionyesha mistari yake. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Demian Ifa na R. Graham Cooks pamoja na wenzao, walichapisha katika jarida la Science picha za alama zilizochorwa na mashine ya kupima uzito wa molekuli: mistari ya kidole inayoonekana kwa kokeini iliyomo ndani yake. Simona Francese wa Sheffield Hallam aliiendeleza njia nyingine ya jamii hiyo, inayotumia leza kuing'oa molekuli nukta kwa nukta. Swali la zamani lilikuwa ni nani alipita hapa. Alama iliyosomwa hivi inaanza kujibu maswali mengine: alishika nini, alikula dawa gani.

Atatokea wa kusema umbo latosha, maana mistari haikosei. Mistari yenyewe haikosei, ila wasomaji wake hukosea. Mwaka 2004, baada ya mabomu ya treni ya Madrid, wataalamu wa FBI walimtaja wakili mmoja wa Oregon kuwa mwenye alama iliyokutwa kwenye mfuko wa viwasha-bomu. Polisi ya Hispania iliwakatalia, ikampata mwenye alama halisi, na FBI ikaomba radhi. Isitoshe, alama nyingi zinazookotwa zimeburuzwa au ni vipande vipande, hazina mistari ya kutosha kumtaja mtu yeyote. Kwa mfumo wa makabati hizo ni takataka. Kwa mkemia, jasho lililoburuzwa ni jasho bado.

Pingamizi zito zaidi ni la haki, nami nalichukua kwa uzito wake wote. Kidole kinachotaja dawa ya mtu kinaweza kuutaja ugonjwa wake, na anayeweka dole kwa ajili ya kazi au kadi hajakubali kusomwa damu yake. Tena kidole hushika vitu vya watu: noti ya benki iliyopita mikononi mwa mlevi wa kokeini inaweza kumchafua karani asiye na hatia. Hofu ya pili imefanyiwa kazi ya maana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Surrey, wakiongozwa na Melanie Bailey, walionyesha mwaka 2015 kwamba kokeini na kile kitu ambacho mwili huigeuzia hupatikana katika alama za vidole za watumiaji. Mwaka 2020 wenzao wakarudi na swali gumu zaidi: utamtofautishaje aliyeitumia na aliyeishika tu? Jibu lao lilitegemea sabuni. Aliyeishika tu akinawa, mabaki yale ya uchakataji huondoka. Aliyeitumia akinawa, huja tena, kwa sababu yanatoka ndani pamoja na jasho. Jibu hilo linamlinda karani. Hofu ya kwanza, ya faragha, haina jibu la maabara. Itajibiwa na sheria, na nchi zilizowahi kuwavisha watu wake vikopo vya chuma shingoni zina sababu ya kuijibu mapema. Lakini hofu hiyo isigeuzwe kuwa hoja ya kutolisoma jasho kabisa, maana elimu hiyo hiyo inaweza kumtoa mtu kizuizini.

Lipo pia jambo ambalo kemia imeahidi mara nyingi bila kulitimiza, nalo ni umri wa alama. Wakili mzuri hukubali kwamba mteja wake aliugusa mlango ule, kisha husema aliugusa wiki iliyopita alipomtembelea jirani. Skwalini huoza kwa hewa na mwanga, kwa hiyo ingeonekana rahisi kuisoma kama saa. Ila saa hiyo hukimbia juani na kuzembea kivulini, na kila mtu huianza akiwa na kiasi chake cha mafuta. Njia inayokubalika kwa jumla mahakamani haijapatikana, na mtaalamu anayeahidi kutaja siku anastahili kuhojiwa vikali.

Kinachoniudhi ni kwamba mpangilio wa kazi bado unalifuta doa. Karatasi iliyochovywa kwenye trei imeoshwa. Sehemu ya kilichokuwemo imeyeyuka ikaenda na dawa, na asidi amino iliyogeuka zambarau imetumika. Wataalamu wana mfuatano wao, dawa isiyoharibu kwanza, yenye kuharibu mwisho, ila mfuatano huo ulipangwa kulinda umbo. Hata majengo yamegawanyika. Tanzania, alama za vidole ni kazi ya polisi, na vielelezo vya kemia hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kenya nako kuna maabara ya upelelezi upande mmoja na Mkemia wa Serikali upande mwingine. Mgawanyo huo una sababu zake, lakini ndio ule ule uliowaweka Ruhemann na polisi mbalimbali. Kioo kikifika kwa mkemia baada ya kufukizwa gundi na kupakwa unga, amepokea mabaki ya mabaki.

Hasara yake ilionekana Knoxville, Tennessee, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mtoto wa kike alitekwa, na ndani ya gari ambamo ilijulikana kwamba alikuwemo haikupatikana hata alama moja ya vidole vyake. Mpelelezi wa mji huo, Art Bohanan, hakuridhika na jibu kwamba labda hakugusa kitu. Alijaribu kwa vitu vilivyoshikwa na watoto na vilivyoshikwa na watu wazima, akaona za watoto zinatoweka upesi, kisha akaipeleka habari hiyo kwa wakemia wa maabara ya Oak Ridge iliyo karibu, kwa Michelle Buchanan na wenzake. Walikuta kwamba mafuta ya kidole cha mtu mzima yana molekuli nzito zinazotoka kwenye tezi zinazoamka wakati wa balehe, zinazokaa mahali zilipowekwa. Ya mtoto ni mengi ya asidi za mafuta nyepesi, na hizo hupanda hewani. Mpelelezi akija na brashi yake kesho yake mchana, kwenye gari lililoshinda juani na vioo vimefungwa, unga haupati mafuta ya kushika, naye ataandika kwamba hapana alama. Mafuta ya mtoto yamekwisha kupaa. Chumvi yake haipai. Ingali juu ya kioo.